Dada, Nafasi Haikutosha

Dada yangu Zuhura,

Salamu kwanza, ingawa huko uliko sijui zinafika kwa njia gani. Sisi tupo. Upepo wa Chang'ombe umeanza, vumbi linaingia mpaka kwenye vyombo vilivyofunikwa, na mama amerudi kwenye kibanda chake cha mafuta ya alizeti. Haongei sana. Mimi unanijua, sijawahi kuwa muongeaji, kwa hiyo nyumba imepoa mno.

Unakumbuka ulivyonianzishia C, ile lugha ya kuandikia programu za kompyuta? Ulikuwa likizo kutoka chuoni, mimi nimetoka kuchekwa shuleni. Mwalimu aliniuliza swali kwa Kiingereza, jibu nilikuwa nalo, mdomo ukagoma. Hukunipa pole. Ulifungua laptop yako iliyopasuka kona ukasema, "Njoo huku. Hii haicheki mtu."

Programu yangu ya kwanza ilikuwa ya kuunganisha maneno mawili tu, "Habari" na "mama". Nikaandika amri ya strcat kama ulivyonielekeza, nikaiendesha, ikatoka "Habarimama". Ulicheka mpaka ukakohoa.

"Sasa nafasi katikati aweke nani, wewe mtoto? Usichoweka, hakipo!"

Halafu ukanieleza lile kubwa zaidi. Kwamba strcat inachukua maneno mapya na kuyabandika mwisho wa yale ya kwanza, bila kuangalia kama yataenea. Ukitenga sehemu ndogo ikajaa, yenyewe inaendelea kuandika tu, inavuka mpaka, inaharibu vya wengine, na programu inaweza kufa hapo hapo. "C siyo mama," ulisema. "Haikuulizi kama umekula."

Kile kikohozi hakuna aliyekitilia maanani.

Hospitalini walipokutoboa shingo wakaweka mrija ili upumue, sauti yako ikaondoka. Uliporudi nyumbani tulikupa simu uwe unaandika, lakini vidole vilitetemeka, neno moja lilikuchosha kama kazi ya shamba. Ndipo ukanyoosha mkono kwenye laptop. Tuliitengeneza wote wawili, wewe umelala, mimi nachapa. Kila kitufe kiwe na kipande chake cha sentensi. Nikakata plasta ya vidonda, nikaandika juu yake kwa kalamu, nikabandika kwenye vitufe: "Fungua", "dirisha", "Nigeuze", "Inauma", "Mwite", "mama". Ukibonyeza, C inaviunga, sentensi inatokea kwenye kioo. Safari hii nafasi niliweka.

Wewe ukadai kitufe cha "Nyamaza". Sikuelewa mpaka shangazi, aliyetoka Busi kuja kukuuguza, alipoanza tena habari za mbuzi wake. Ukabonyeza mara mbili: "Nyamaza shangazi". Akasoma, akashika kiuno.

"Loo! Hata mashine mmeifundisha utovu wa adabu!"

Mimi nilitaka kila sentensi ifutwe kabla ya inayofuata. Ukatikisa kichwa. Ukachukua simu, ukahangaika nayo muda mrefu: "usifute mama asome yote". Ulitaka akitoka kibandani akute maongezi yako ya siku nzima, kama vile alishinda na wewe. Nikauliza nitenge nafasi ya herufi ngapi. Ukaandika mia tano. Nikauliza kama zitatosha, ukaninyooshea dole gumba.

Basi kila jioni mama alikaa kitandani kwako, ananukia alizeti, anasoma kwa sauti. Kusoma kwake unakujua, kunakwenda kwa miguu. "Fungua... dirisha. Nigeuze. Nyamaza... shangazi. Heh!" Hapo alicheka kila siku. Akimaliza naifunga, kesho tunaanza upya.

Siku ile ya mwisho uliongea kuliko siku zote. Sentensi zilirefuka nikafurahi, nikadhani umepata nafuu. Alasiri ukabonyeza kitu, ukabonyeza kingine, na programu ikajifunga. Zile mia tano zilikuwa zimejaa. Maneno yako hayakuwa yamehifadhiwa popote, yakaondoka nayo. Mimi nilikaa upande wa miguu, sikuona vidole vyako vilikwenda wapi. Nikaiwasha tena, nikakuwekea mikononi. Hukubonyeza. Mama alipofika ulikuwa umefumba macho, na kabla ya isha ulikuwa umekwenda.

Tangu turudi kutoka Busi tulikokuzika, mama ananiuliza. "Siku ile aliandika nini mwishoni? Si mashine yako inajua?" Nami namjibu, nitatafuta, mama. Ningeweza kumtungia kitu, asingejua. Nilikitunga kabisa: "Asante mama". Nikakitazama kwenye kioo, nikakifuta. Hatukuwahi kukuwekea kitufe cha asante, dada. Wala hatukufikiria.

Jana alikuwa anachambua mlenda uani, nikamwambia. Kwamba nafasi iliisha. Kwamba maneno ya mwisho hayapo, na hakuna wa kuyarudisha, hata walimu wako wa chuoni.

"Hayapo kabisa?"

"Hayapo, mama."

"Hebu lete hiyo mashine."

Nikaileta. Akafuta mikono kwenye kanga, akaanza kusoma plasta, kidole kinapita kitufe kwa kitufe. Kwenye kimoja cha pembeni akasimama.

"Maji," akasoma. "Basi alitaka maji, mwanangu. Mtu akifika pale hana maneno mengi, anataka maji tu."

Akaniinulia macho.

"Mlimpa?"

"Tulimpa, mama. Nilimlowesha midomo kwa kijiko."

Na hilo ni kweli, unajua mwenyewe. Ila nilikupa kwa sababu midomo ilikuwa imekauka. Sikukupa kwa sababu ulisema.

Mama akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye mlenda wake. Usiku alilala bila kuniuliza kitu, mara ya kwanza tangu uondoke. Yeye amepata sentensi yake. Mimi sina. Kila nikikaa kwenye laptop najaribu kipande hiki na kile, nasikiliza ni kipi kina sauti yako, na vyote vinayo.

Pumzika, dada. Kama yalikuwa maji, yalifika. Kama yalikuwa kitu kingine, mimi ndiye niliyekuwa karibu, na sikukisikia.

Mdogo wako,
kitinda mimba wa mama