Dada Somoe, Maji Mafu Hayaharishi

Dada yangu Somoe,

Leo mchana nimetoka kwenye semina ya walimu hapa Mtwara mjini. Wewe barua hii hutaisoma. Atakayeisoma ni yule aliyekuondoa darasani, na ndiyo sababu naiandika hadharani.

Unakumbuka somo lenyewe lilivyoanza. Ulikuwa mgeni Msimbati, mwalimu wa darasa la nne, nami nilikuja kukutembelea. Kitabu cha hesabu kilikuwa na mabomba mawili yanayojaza tangi. Kijijini hapakuwa na bomba hata moja, na watoto walikutazama tu. Alasiri ulichukua kikapu uwafuate akina mama wanaookota kombe za kitoweo ufukweni. Bi. Mwanaidi, jirani yako, akakuzuia mlangoni.

"Mwalimu! Na kusoma kote huko hujui leo maji mafu? Bahari haitoki leo. Utarudi na mchanga."

Ukamuuliza anajuaje. Akakutazama kama umemuuliza anajuaje kukoroga uji. "Si mwezi una siku tisa leo tangu uandame?"

Uliweka kikapu chini ukamhoji mpaka akachoka. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, ni bamvua, bahari hukimbia mbali. Katikati yake ni maji mafu: bahari husogea kidogo tu, kombe hazifikiki. Mama asiyejua kusoma alikuwa na kalenda nzima kichwani.

Wiki hiyohiyo wewe na watoto mlisimika mti ufukweni, mkauchonga alama. Wakawa wanapima maji kila siku na kuandika ubaoni. Anjelina, yule msichana ambaye wazazi wake walivuka mto Ruvuma kutoka ng'ambo, na ambaye alikuwa hafungui mdomo kwa kuona haya Kiswahili chake, ndiye aliyepiga kelele: "Mwalimu, namba zinarudi zilezile!" Ulinisimulia hilo mara tatu katika mlo mmoja.

Kisha akaja mkaguzi wa shule. Alichukua daftari lako la maandalio ya masomo, akakaa nalo siku mbili, akalirudisha na wino mwekundu: "Upuuzi. Watoto hawakuja shule kuokota kombe." Akatia sahihi. Mwezi uliofuata ulihamishiwa kijiji cha Ziwani, ukakabidhiwa ufunguo wa ghala la majembe. Ulikaa mwaka mzima bila kushika chaki, na homa ikakuchukua ungali mtunza ghala. Daftari nililikuta sandukuni mwako.

Jumanne nilitumwa na gazeti langu kuandika habari za semina. Siku hizi mafunzo kutoka mazingira ndiyo wimbo wa kila ofisi, na mkaguzi huyo alikuwa amechapisha kijitabu, jina lake juu. Ukurasa wa sita nikakukuta wewe. Mti wenye alama. Ubao. Mwezi. Hata mfano wa vikapu viwili vya kombe, uliouweka mahali pa yale mabomba, ulikuwa wako, neno kwa neno. Sentensi moja tu alikuwa ameongeza mwenyewe, kwa kuwa ni mtu wa bara na hakuuliza: "Watoto wasiokote kombe siku za maji mafu, kwani maji yaliyokufa huleta kuhara."

Niliisoma mara mbili. Kisha nikanyoosha mkono.

"Ndugu Mkaguzi, maji mafu ni nini?"

"Ni maji yaliyotuama. Machafu."

Mwalimu mmoja wa kike kutoka Mikindani akashika kichwa. "Ebo! Basi sisi sote tungeshakwisha!" Ukumbi ukaangua kicheko.

Nikaendelea. "Somo hili ulilifundisha ufuo gani?"

"Ni utafiti wangu mwenyewe."

"Basi tuambie, kesho ni bamvua au maji mafu?"

Akatazama saa yake ya mkononi. Dada, aliangalia saa! Walimu wa pwani walicheka hadi mwenyekiti akagonga meza.

Jioni alinifuata ukumbini, ameshaambiwa mimi ni mdogo wa nani. "Ndugu mwandishi, tusiharibiane. Marehemu hanufaiki chochote na mambo haya."

"Mimi nanufaika," nikamjibu.

Asubuhi nikampelekea mwenyekiti daftari lako. Mwandiko wako, wino mwekundu, sahihi. Akaliweka kando ya kijitabu, akasoma vyote viwili. Kisha akaagiza kwamba siku ya kufunga semina mkaguzi asimame mbele ya walimu wote, afute maelezo yake na kumtaja mwenye somo.

Watu wa nyumbani wananiambia nimsamehe, ana watoto. Wewe ulikuwa na watoto arobaini na mmoja darasani na hakuwahesabu. Msamaha wangu asiungoje. Habari itatoka gazetini bila tusi hata moja: alichoandika daftarini mwako, alichochapisha kwa jina lake, alichosema alipoulizwa. Popote atakapohamishiwa, gazeti litamtangulia.

Leo alisimama. Nilikuwa nimekaa kiti cha mwisho kabisa. Alisoma karatasi yake akiwa ameinama, na alipofika kwenye jina lako sauti ikashuka.

"Hatusikii huku nyuma, Ndugu Mkaguzi," nikasema.

Akarudia. "Mwalimu Somoe. Wa Msimbati."

"Bado hatusikii."

Akainua kichwa, akanitambua, akalitamka kwa sauti kubwa, na walimu wakaandika.

Nilikuwa nimemsikia tangu mara ya kwanza.

Pumzika, dada yangu.

Mdogo wako