Kiti Kinachotazama Nyuma

Jumatatu, 3 Februari 2025

Wameniletea mhudumu mwingine. Yule wa kwanza alikimbia — ati nina mdomo. Huyu anaitwa Zilpah. Mkenya! Nilipomwona mlangoni moyo uliniruka. Nilishafungua kinywa nimwambie karibu mwanangu, hata mimi ni mzaliwa wa kule, Mombasa, Makadara, baba yangu alikuwa na duka la vitambaa. Simu yake ikalia. Akageuka upande, na huku ananichekea kwa adabu akasema: ‘Nimefika. Nimepewa kamhindi kazee, kamekauka kama dagaa wa omena. Miguu haifanyi kazi. Mdomo sijui bado.’

Nikafunga kinywa.

Nikamwambia kwa Kiingereza, jiko liko kule.

Haya. Tuone nani atachoka.

Naandika Kiswahili kwa sababu Indu, mke wa mwanangu, hupekua kila kitu akija. Hawezi kusoma hata neno. Mume wangu, Mungu amweke, aliipiga marufuku lugha hii nyumbani. Yeye na wazazi wake walifukuzwa Kampala, na askari waliomtoa babake dukani walikuwa wakiamrisha kwa Kiswahili. Hakutaka kuisikia tena mpaka anakufa. Kwa hiyo mwanangu Anish amekulia hapa Sparkbrook, kwa Waingereza, hajui hata ‘maji’. Miaka yote hii nimeongea Kiswahili na karatasi tu.

Jumatano, 5 Februari

Tumepanda basi kwenda Stratford Road kununua giligilani na bamia. Basi jipya, sakafu iko chini kabisa, hakuna ngazi mlangoni. Likisimama linashusha pumzi — psss! — linainama upande wa kituo kama ngamia. Dereva anatoka kitini, anainua ubao wa sakafuni, anaupindulia nje, umekuwa daraja. Nilipofika nchi hii mabasi yalikuwa na ngazi na nguzo katikati ya mlango. Mtu kama mimi angezeeka akiyatazama kutoka dirishani. Sasa nasukumwa ndani kama bibi harusi. Dereva ananung'unika kidogo. Anung'unike.

Ila nafasi ya kiti cha magurudumu inatazama nyuma. Ndivyo walivyoichora: mgongo wako kwenye ubao mpana, ili basi likifunga breki usiruke. Sawa, wana akili. Lakini abiria wote wanakutazama, na wewe unawatazama wote. Zilpah akakaa mbele yangu, uso kwa uso, magoti yetu karibu yagusane. Akampigia dada yake aliye Kisii; wamekulia mjini, huongea Kiswahili tu.

‘Niko kwa basi na kale kazee. Si kananikodolea macho! Kama kuku anayetaga. Aa, hakasikii kitu.’

Akanitabasamia. Nikamtabasamia.

Jumanne, 11 Februari

Nimepata burudani! Lile basi la mzunguko. Ukilipanda hapa linakwenda Saltley, linakwenda Aston, linauzunguka mji wote kisha linakurudisha ulipotoka. Nikisema nataka kutoka, Zilpah lazima anisukume. Ndiyo kazi yake. Mvua inanyesha? Nataka hewa. Chakula chake kiko kwenye maikrowevu? Nataka hewa. Viatu vyake vinavuja, nasikia vinavyolia chwa, chwa, nyuma ya kiti changu.

Leo Saltley tulishuka nikanunua ndizi moja. Moja! Tukangoja basi lingine. Likaja, na nafasi yangu imekaliwa na kigari cha mtoto. Dereva akamwomba mama yule akikunje. Mama akakataa, mtoto amelala. Dereva akashikilia: nafasi ni ya kiti cha magurudumu kwanza. Mama akakubali. Akamwamsha mtoto, akatoa mifuko, nepi, chupa, koti, akahangaika na kile kigari huku mtoto anapiga mayowe. Nilingoja. Kilipokunjika kabisa nikamwambia dereva: asante, hapana, tutapanda linalofuata.

Uso wa yule mama! Uso wa Zilpah! Jioni alimwambia dada yake: ‘Haka si kazee. Haka ni kashetani.’

Leo nitalala vizuri.

Alhamisi, 13 Februari

Zilpah ana mtoto. Wa kike, Moraa, miaka mitano, anaishi na huyo dada. Wiki iliyopita alijimwagia uji wa moto mkononi. Sasa kidonda kimeoza. Nimeyajua haya kwa sababu asubuhi alikuwa jikoni analia kwenye simu. Daktari wa zahanati anataka kumpeleka hospitali kubwa, lakini dada anaogopa, anasema mama mwenyewe aamue. Daktari atampigia Zilpah mchana.

Karibu nimhurumie. Kweli, karibu. Nilishaweka mikono kwenye magurudumu nijisukume hadi jikoni. Ndipo akasema: ‘Kwa nini mtoto? Si hata haka kazee kangeungua! Kameshaishi, kanangoja nini?’

Nikamwita. Lete koti langu.

Akaniomba, kwa Kiingereza chake cha kunyenyekea, leo tukae ndani, ana simu muhimu. Nikasema nataka hewa. Kwenye basi simu ikaanza kutetemeka mkononi mwake. Nikamwambia kelele za simu zinaniumiza kichwa. Nitaiambia kampuni yako kwamba unafanya mambo yako saa za kazi. Zima.

Akanitazama. Yeye yuko nchi hii kwa viza ya hiyo kampuni. Wakimwacha, anarudi kwao.

Akazima.

Tulizunguka mji wote. Aston kulikuwa na watu wa mpira, msongamano, basi halisogei. Nilikuwa nimekaa kinyume, namwona vizuri sana. Hakulia. Alikuwa anaisugua ile simu kwa kidole gumba, kama mtu anayefuta doa.

Ijumaa, 14 Februari

Vidole viwili vya mtoto. Wamevikata leo asubuhi.

Daktari alipiga, akapiga, akaacha. Walipompata Zilpah jana jioni, gari la kwenda hospitali kubwa lilikuwa limeshaondoka bila mtoto.

Mimi si daktari. Mimi sikumwaga uji.

Zilpah amekuja kazini kama kawaida. Ameniogesha. Maji yalikuwa moto kuliko siku zote. Nikamwinulia na mkono wa pili.

Jumanne, 18 Februari



Leo sikuomba basi, Zilpah ndiye aliyesema twende. Kiti chake kilekile, mbele yangu. Akampigia dada yake. Alianza na habari za Moraa — amekula, ameuliza vidole vitaota lini. Kisha akasema, bila kushusha sauti, macho yake kwenye macho yangu:

‘Sikiliza. Kijana wa haka kazee alinipigia jana. Ana maduka mawili ya dawa. Anataka nyumba iuzwe, kazee kapelekwe makao ya wazee. Ijumaa anakuja mtu wa ustawi wa jamii kukapima. Ati niseme kanachanganyikiwa, kanaongea maneno yasiyoeleweka, na barabarani ni hatari. Nikimsaidia, ataniajiri dukani na kushughulikia viza yangu. Sitaosha tena matako ya mtu.’

Dada sijui alisema nini.

‘Huruma gani? Kalinihurumia mimi?’

Anish! Nilimnyonyesha miaka miwili. Alipokuwa na pumu nililala nimeketi, kifua chake juu ya kifua changu. Jumapili aliniletea maua na keki isiyo na mayai, akanibusu kipaji cha uso. Indu alikuwa akipima kuta na madirisha. Nilidhani anataka kuninunulia mapazia mapya!

Nikatazama dirishani. Ukikaa kinyume huoni unakokwenda. Unaona tu vinavyokuacha.

Alhamisi, 20 Februari

Barua ya huyo mtu wa ustawi imefika leo asubuhi, ina namba yake; nimempigia simu mwenyewe. Anaitwa Brigid, ana sauti ya kukohoa. Nikamwambia: kesho usinipime sebuleni kama kabati. Njoo tupande basi, uone kama natoka au sitoki. Akacheka, akasema wazo zuri.

Zilpah alikuwa mlangoni. Amesikia yote. Amenisuka nywele taratibu sana leo.

Ijumaa, 21 Februari

Naandika haraka. Wako jikoni.

Asubuhi nilivaa sari ya kijani na sweta, viatu vimepigwa rangi. Brigid alikuja, mama mnene mwenye mkoba wa mgongoni, tukaenda kituoni. Nikamwonyesha yote: nasimamisha basi mwenyewe, namwomba dereva ubao, namsalimu. Brigid anaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nafasi ilikuwa wazi. Zilpah akanisukuma mpaka mgongo ukagusa ubao. Akainama kufunga breki. Nilisikia mlio mmoja. Huwa ni miwili.

Nilisikia! Lakini Brigid alikuwa ananiuliza kitu kuhusu wajukuu.

Kwenye mzunguko wa barabara kabla ya Saltley basi lilikata kona kali. Kiti kikazunguka kwenye lile gurudumu moja lililofungwa, kikatoka, kikanitupa katikati ya njia. Nikajigonga begani kwenye nguzo. Nikadhani nakufa. Na nilipofungua kinywa, si Kiingereza kilichotoka, wala Kigujarati.

‘Breki! Zilpah, funga breki! Mshenzi wee, unataka kuniua!’

Abiria wakainuka vitini.

Zilpah alisimama kama amepigwa na umeme. Akarudi nyuma hatua moja. Mkono mdomoni. Ndipo akanishika, akanirudisha, akafunga breki zote mbili, na vidole vyake vilikuwa baridi kama samaki.

Brigid akauliza nimesema nini. Nikajibu kwa Kiingereza: ni Kiswahili, muulize huyu, anajua vizuri sana. Brigid akamgeukia. Zilpah akatazama sakafu. Akasema ameshtuka, hakusikia vizuri.

Hakusikia!

Tulipofika nyumbani Anish na Indu walikuwa wanatungoja. Brigid akaeleza. Anish akaweka uso wa msiba. Akasema mama yangu hajui Kiswahili. Nyumbani kwetu hakikusemwa kamwe, baba asingekubali. Masikini Mama, sasa anazua lugha. Indu akaongeza kwamba kuna madaftari pia, yamejaa maandishi ya ajabu. Nikawaambia ni Kiswahili, leteni mkalimani. Anish akanipapasa mkono. Brigid akasema mkalimani anaweza kupatikana, ila itachukua muda, na kwa sasa usalama wangu ndio muhimu. Labda nikakae mahali kwa wiki chache. Kwa kupumzika tu.

Wakaenda jikoni kuongea. Zilpah akabaki anivue viatu. Akafunga mlango. Akapiga magoti, akashika mguu wangu, akauliza kwa Kiswahili, sauti ya chini:

‘Tangu lini?’

‘Tangu siku ya kwanza. Omena na yote.’

Akafungua kamba ya kiatu. Polepole.

‘Kwa hiyo siku ile ya simu, ulijua ni daktari.’

‘Na wewe leo breki uliiacha makusudi.’

‘Ndiyo,’ akasema. ‘Niliiacha. Nimekutukana, ndiyo. Nilidhani unatesa watu kwa sababu hujui. Uzee. Kumbe ulinisikia nikilia, ukaniambia nizime. Mama, ulijua!’

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Nikamwambia aende jikoni aseme kweli. Kwamba ni Kiswahili, kwamba ninaelewa kila kitu, kwamba Anish alimwahidi kazi. Akatikisa kichwa.

‘Niombe radhi kwanza. Si kwa ajili yangu. Mtaje Moraa kwa jina, uombe radhi. Halafu naenda kusema.’

‘Wewe kwanza,’ nikasema.

Hata sijui kwa nini nilisema hivyo! Yalitoka tu. Akaweka kiatu changu chini, sambamba na kile kingine, akasimama, akatoka.

Sasa nawasikia. Birika linachemka. Brigid anamwuliza taratibu: Zilpah, ile ni lugha ya kwenu au siyo? Anish anadakia, ati nimekuwa hivi kwa miezi. Brigid anamwambia amwache ajibu mwenyewe.

Kiti kinavutwa.

Hatua. Anarudi. Mlango umefunguka. Zilpah amesimama, mkono kwenye kitasa. Nyuma yake Brigid, Anish, na Indu na kikombe chake. Wote wananitazama. Zilpah anasema, kwa Kiswahili, waziwazi, mbele yao:

‘Mama. Una neno la kuniambia?’

Brigid anauliza amesema nini. Zilpah ananingoja. Anish anamnong'oneza Brigid: mwone, mwone anavyoandika.

Jina la mtoto nalijua. Ni silabi tatu tu. Nainua kichwa, naona vile viatu vyangu viwili vimepangwa, namwona na yeye, kidevu juu, kana kwamba hapa ni kwake — na kalamu inarudi kwenye karatasi.

Ameniuliza mara ya pili.

Bado naandika.