Kipenga Chini ya Mto

Jumanne, 4 Machi
Kumbe haya maumivu ya kifua si msuli. Mwaka mzima nimewaambia watu ni msuli wa kukimbia! Ni uvimbe umeota kwenye mbavu, wa aina ambayo hata daktari wa kifua ameiona mara chache. Hauyeyuki kwa dawa, ni kisu tu. Mbavu tatu zinaondoka na nyama ya pembeni, halafu unashonwa wavu mahali pake. Nikauliza kama nitapuliza tena kipenga. Akasema tuanze na kupumua. Kufika nyumbani mke wangu akanipa yangu: mficha maradhi, kilio humfichua.

Jumapili, 9 Machi
Mshika kibendera wangu kaja wodini. Kaleta kipenga changu ndani ya soksi, sista asikione. Nimekificha chini ya mto. Kesho ndiyo siku. Akaniuliza kama naogopa. Nikamwambia refa haogopi. Uongo mtupu. Naogopa sana.

Jumatano, 12 Machi
Nipo. Dawa ya maumivu tamu, jamani… Dari imegeuka uwanja — nyasi, mistari, wachezaji peku wanaelea. Hakuna anayenibishia! Kifua upande wa kushoto kinapanda na kushuka polepole, kama pazia dirishani. Nani anakivuta? Nimelala. Nimeamka. Mpira bado uko hewani.

Ijumaa, 14 Machi
Dawa wamepunguza. Loo, kukohoa ni adhabu. Nimepewa kidude cha kuvutia pumzi, kina vipira vitatu. Kimoja kimepanda, vingine vikanitazama tu. Wavu umeshika vizuri, anasema daktari. Sasa tunangoja maabara waseme kama kingo za walichokata ni safi, hazina mabaki ya uvimbe. Zisipokuwa safi, narudi mezani. Mke wangu anakunja shuka lile lile, anakunjua, anakunja tena.

Jumatatu, 17 Machi
Vipira viwili! Nilikuwa bado naviota pale juu darini daktari alipoingia, faili kwapani. Majibu yametoka. Kaanzia kitanda cha mlangoni, mimi ni wa mwisho. Naandika ili nisilitazame lile faili.

Mke wangu kaingiza mkono chini ya mto, katoa kipenga — kumbe alijua siku zote! Kakifuta kwa nguo yake.

"Puliza sasa, baba," kasema. "Kabla hajafika hapa."

Wodi nzima imegeuka. Daktari naye kainua uso, kasimama. Nimejaribu kuvuta pumzi. Upande wa kushoto unauma, lakini umefuata. Kipenga kiko mdomoni. Naweka kalamu —