Leseni Uliyoondoka Nayo

Baba Saumu,

Salamu za rehema zikufikie huko uliko. Sisi wazima, alhamdulillahi. Saumu bado hulitaja jina lako kama la mtu aliyekwenda Msambweni na atarejea kwa chakula cha mchana. Simkatazi.

Nina habari ya mashine. Tangu ulipotutoka ilikaa pale Ukunda imefunikwa turubai, kwa kuwa leseni ya kuchimba visima ilikuwa yako, na leseni ya mtu huondoka na mwenyewe. Nilipomaliza eda, Mutua fundi wako alikuja. Alikaa kwenye kiti chako pasi na kufikiri, akashtuka, akahamia mkekani.

"Mama, watu wanapiga simu kila siku," akasema. "Kazi iko, na sisi tuko. Lakini bila leseni hatuwezi gusa hiyo mashine. Nimeitwa kazi ya mawe huko Kinango. Si ati nataka kuwaacha."

"Nipe muda," nikamwambia. "Mtihani nitaufanya mimi."

Hakucheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko, maana chako ninacho bado moyoni. Unakumbuka asubuhi ile nilipokwambia nami nitafute leseni, tuwe wawili? Ulicheka mpaka kahawa ikakumwagikia kikoini. "Wewe andika, Mama Saumu. Kutoboa niachie mimi." Nikacheka nawe, nikaenda jikoni kuchagua mchele ambao nilikuwa nimekwisha kuuchagua. Sikukwambia kwamba uliniumiza. Nakwambia sasa, wala si kwa hasira. Hasira niliimaliza ndani ya eda, siku baada ya siku, mpaka ikabaki hamu ya kukuona tu.

Tena huko kuandika ndiko kulikonifundisha. Tulianzia Munje, mwaka tuliooana. Hati yako ilikuwa kama nyayo za kaa mchangani, ukanitwika daftari. Kila chuma kilichoshuka niliandika kina chake na kile kilichopanda nacho: mchanga mwekundu, udongo wa mfinyanzi, jiwe la matumbawe. Ulinitia tope kiganjani, lingali na joto la keekee ya mashine, ukaniambia, "Fumba macho. Sema ni nini." Nami nilisema. Mara nyingine nilikosea makusudi ili uendelee kunishika mkono. Hilo pia hukulijua.

Na kisima cha kule Bodo je? Maji yaliporuka, wanawake walipiga vigelegele, watoto wakaingia chini yake na nguo zao. Wewe ulikinga kiganja, ukaonja, ukanipa nami nionje. Tukatazamana. Kisha ukaizima mashine, ukawaambia, "Ndugu zangu, mtuwie radhi. Maji haya yana bahari ndani yake."

Bibi mmoja akakusihi, "Chumvi kidogo si neno, mwanangu. Tumezoea."

"Leo kidogo, mama. Kesho itazidi." Ukakiziba kile kisima kwa saruji, mbele ya watu waliokuwa wakishangilia muda mfupi uliopita. Sikuwahi kukupenda kama siku ile.

Basi nikasoma. Kila baada ya sala ya adhuhuri nilikaa sebuleni na vitabu vyako na madaftari yangu. Nilisoma jinsi maji matamu yanavyolala juu ya maji ya bahari huko chini, yametulia, na jinsi chumvi inavyopanda ukiyavuta kwa pupa. Joto la mchana likinilemea, maneno yalianza kuelea. Nyumba nayo ilielea. Niliyaona maji chini ya sakafu, meupe, hayana wimbi, nawe unatembea juu yake taratibu, viatu mkononi. "Umefika kina gani?" ukaniuliza. Nikakutajia. "Ongeza kidogo," ukasema. Nikaamka karatasi imenata shavuni, na harufu ya kikoi chako pale sebuleni, Baba Saumu, naapa.

Jioni Saumu alinisaili huku akimenya mihogo.

"Mama, kisima na choo, kipi kiwe upande wa juu?"

"Kisima, mwanangu. Na viwe mbalimbali."

"Na kando ya bomba?"

"Saruji, uchafu wa juu usiteremke."

"Kisha?"

"Kisha niache ninywe chai."

Mtihani ulikuwa wa kuandika, halafu wa kuulizwa ana kwa ana. Watu watatu nyuma ya meza, mimi peke yangu mbele yao. Mmoja akaniuliza, "Mwenye hoteli Diani anataka maji zaidi ya yale ambayo kisima chake kinaweza kutoa. Utamwambiaje?"

"Nitamwambia hapana."

"Akikasirika?"

"Heri akasirike angali na maji matamu."

Akainama akaandika kitu. Mwenzake, mwanamama wa makamo, akauliza nani alinifundisha kazi. Nikataka kusema ni mume wangu, Mungu amrehemu. Ulimi ukaenda njia yake. "Mimi na mume wangu tulifundishana," nikasema. Nilipotoka nje nikajiuliza kama nimekukosea adabu. Nimeliwaza hilo siku nyingi, nami naona sikukukosea. Ni kweli tupu, na naamini ungeikubali, baada ya kucheka kwanza.

Alhamisi leseni ilikuja. Mutua hakwenda Kinango. Alifika na kuishika kwa ncha za vidole, kama mtu aliyepakatishwa mtoto mchanga, akasema, "Mama, sasa wewe ndiye mkubwa wetu," akaenda zake haraka asije akaonekana na machozi.

Saumu akaichukua, akasimama mlangoni penye mwanga, akasoma kwa sauti. Haikuandikwa Mama Saumu, wala mke wa fulani. Iliandikwa jina nililopewa na wazee wangu, ambalo halikuwa limetamkwa ndani ya nyumba hii tangu nilipojifungua. Hata wewe ulikuwa umeliacha. Mtoto akalisoma polepole, kama anayemwita mtu aliye mbali.

Nikaitika, "Abee."

Lala salama, mwenzangu.

Mkeo,
Mwanakombo