Siku ya Kumi na Tatu Tanga, na Shikamoo Isiyoitikiwa

Jumatano jioni, Tanga. Nimejilaza kidogo tu, na joto limeamka kabla yangu. Feni inazunguka kwa kujivuta, shuka imelowa jasho, na mimi mtu wa Soni niliyezoea kulala na mablanketi mawili nimekaa kifua wazi dirishani nikitazama kreni za bandarini.

Nipo chumba cha uani, nyumbani kwa mama yake Bakari. Bakari ndiye mwenzangu wa safari. Kesho alfajiri tunaondoka na pikipiki zetu mbili: Dodoma, Kigoma, Sumbawanga, Mbeya, halafu tunarudi kwa njia ya Iringa. Miezi miwili Mungu akipenda. Tulitakiwa tuwe tumeondoka zamani, ila pikipiki ya Bakari, aliyoiagiza nje, ilikwama bandarini. Bwana mkubwa Bakari mwenyewe alikosea tarakimu moja ya namba ya chesesi alipojaza fomu, basi kila asubuhi ni foleni, na kila jioni ni "njooni kesho".

Ninyi mnaosoma hapa mmekuwa mkiniuliza kwenye maoni kama nimechoka kusubiri. Nimewajibu kwa utani, joto la Tanga, samaki wa Tanga, maneno ya Bakari kwamba Msambaa akikaa pwani wiki mbili anayeyuka kama samli.

Ukweli ni kwamba nilikuwa naomba karatasi zile zisitoke.

Nieleze, maana nimechoka kuficha. Siku ninaondoka nyumbani, baba alikuwa barazani akichagua mbegu za viazi. Nilishavaa koti, begi mgongoni. Nikasimama mbele yake nikasema, "Shikamoo baba, ndiyo naondoka." Akaokota kiazi, akakigeuza, akakitupa upande wa vilivyooza. Nikarudia. Kimya. Dada yangu Rehema alikuwa mlangoni na sinia la chai, akatazama chini.

Kwetu shikamoo haiachwi hewani. Hata watu waliogombania mpaka wa shamba wakaburuzana mahakamani, mdogo anaamkia na mkubwa anaitikia, ndipo wanaendelea kununiana. Mimi niliondoka bila marahaba ya baba yangu mzazi.

Nilidhani najua kwa nini.

Mdogo wangu Eliya alifariki miaka miwili iliyopita, kwenye kona za kushuka Mombo, akiwa na magunia mawili ya karoti kwenye pikipiki. Watu wakasema ukungu, wengine wakasema mwendo. Mimi ndiye niliyetumwa kituoni kuichukua ile pikipiki. Nilipoigusa nikaona swichi imezimwa. Askari hakuiona, au aliiona asijue maana yake. Mimi nilijua, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha.

Wa milimani mnaelewa ninachosema. Ukifika kwenye mteremko unatoa gia, unazima swichi, unauachia mlima ukushushe. Mafuta hayaendi, unateleza kimya mpaka Mombo unasikia upepo tu. Tunaita ujanja. Lakini kushuka kote huko unategemea breki peke yake, na breki ikishapata moto na mzigo uko nyuma, injini iliyozimwa haina msaada wowote. Nilimfundisha Eliya akiwa na miaka kumi na saba, nikamcheka siku ya kwanza alipoogopa. Nilimwambia, "Acha woga wa kike." Maneno yangu hayo, ninayakumbuka neno kwa neno.

Sikumwambia mtu. Kwenye msiba nilibeba jeneza mbele kabisa, mchungaji akahubiri, nikaitikia amina.

Halafu siku nakuja huku Tanga, karibu na Muheza kuna kiteremko kidogo tu, hata mtoto wa baiskeli hakioni. Nikasikia kimya. Mkono wangu ulikuwa umezima swichi wenyewe, sikuutuma. Niliegesha pembeni kwenye vibanda vya machungwa, nikakaa chini, mama mmoja muuzaji akanimenyea chungwa bila kuniuliza kitu. Sikuweza kulimaliza.

Kwa hiyo siku zote hizi za foleni nilikuwa na mawili kichwani. Baba amejua, ndiyo maana hakuitikia. Na mimi nitakwenda kufa kwenye kona fulani ya Mbeya, bila radhi.

Jumatatu mchana pikipiki ya Bakari ikatoka. Alipiga vigelegele pale getini kama bibi harusi wake kashuka melini. Nikamwomba anipe siku moja niende nyumbani.

"Yaani siku kumi na moja zote tumekaa bure, leo chombo kimetoka ndiyo unataka siku?"

Nikamweleza habari ya shikamoo tu, la swichi nikalimeza. Utani ukamtoka usoni.

"Nenda ndugu yangu," akasema. "Mimi sisafiri na mtu aliyeacha radhi kwao."

Jana nikapanda. Muheza, Korogwe, Mombo, halafu zile kona. Kwenye ya Eliya sikusimama, sikuweza. Nilifika nyumbani manyunyu yanaanguka, baridi ikanipokea mpaka nikaona haya kwa jinsi nilivyofurahi kuisikia. Baba alikuwa pale pale barazani, amejifunika blanketi, mbegu zake zimebaki debe moja.

"Shikamoo baba."

Kimya.

Basi nikakaa chini, kwenye sakafu yenyewe, nikasema yote. Swichi, kituo cha polisi, woga wa kike. Nikamwambia, baba, mimi ndiye niliyemuua Eliya. Nililia kwa sauti, na sioni haya kuandika hivyo. Ndani nilisikia Rehema ameacha kuosha vyombo.

Baba aliokota mbegu moja kutoka kwenye debe, akaipangusa udongo. Kisha akauliza, taratibu, bila kunitazama.

"Na wewe ulifundishwa na nani?"

Baba yangu aliendesha lori la mboga miaka ishirini, Lukozi mpaka Mombo, na mimi nikiwa mdogo nilikaa katikati yake na utingo, juu ya gunia lililokunjwa. Tukianza kushuka alikuwa anatoa gia, anazima, ananikonyeza. "Mteremko ni mafuta ya Mungu," alikuwa anasema. "Mjinga ndiye anayeyanunua." Nilikuwa nacheka mpaka Mombo. Kumbe miaka yote hii sikuwahi kulitia hilo kwenye hesabu. Mimi nililipokea kama mapenzi.

"Ile pikipiki ulipoileta," akasema, "usiku ule ule nilitoka na tochi nikaitazama. Niliiona swichi. Marahaba ni ya mzazi, Zakaria. Ulipokuja kuaga nikajiona mmoja nimemfukia kwa mdomo wangu, na wa pili huyu anaondoka na mafundisho yale yale. Nitakuitikiaje? Nilishindwa."

Miaka miwili tumekula sahani moja, kila mmoja akidhani jiwe ni lake peke yake.

Akajifuta uso na blanketi. Akaweka mkono wake kichwani kwangu, mkono una udongo wa viazi.

"Niamkie tena."

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Nenda, urudi. Na usizime."

Leo asubuhi nikashuka. Gia ya pili, swichi imewashwa, injini inalia kama inachinjwa. Vijana wa bodaboda wakanipita kimya kimya wakinicheka, mmoja akapaza sauti kuniuliza kama nimerithi kisima cha mafuta. Kwenye kona ya Eliya safari hii nilisimama. Nikavua kofia, nikakaa hapo mpaka ukungu ukapanda, injini nikaiacha inaunguruma.

Bakari alipochungulia tangi hapa uani akashangaa mafuta yamekwenda wapi. Nikamwambia nimeshuka mlima mzima na injini inawaka. Yeye mtu wa pwani akanitazama akisubiri hadithi iendelee, maana hakuona kilichopo cha kusimulia.

Begi limefungwa. Mama Bakari ametukaangia mihogo ya njiani. Mkono wangu wa kulia uko hapa juu ya daftari ninaloandikia kwanza, nautazama, na sijui utachukua muda gani kusahau kuzima. Kesho kuna mteremko wa kwanza. Nitauangalia mkono huu utafanya nini.