Kibao Nilichomvisha Njeri

Mumbi mjukuu wangu,

Hapa Kimbo tuko salama, na mama yako amepona, amerudi kazini. Umeniuliza kama ukubali kumwandikia mwalimu daftarini majina ya wenzako wanaopiga kelele darasani.

Shuleni kwetu Thika, aliyeongea Kikuyu alivishwa kibao shingoni mpaka amnase mwingine. Siku moja nikiwa nacho, rafiki yangu Njeri aliletewa habari kwamba mamake amefariki. Akamlilia mama kwa Kikuyu, "Maitũ! Maitũ wakwa!" Nikamvisha. Mwalimu akanisifu: "Vizuri, Wambui. Uko macho." Njeri alikivaa hadi babake alipokuja kumchukua.

Hasira yangu haijapoa. Kataa daftari hilo. Wakikuadhibu, nitakuja niketi ofisini mwao mpaka wanieleze wanakufunza nini.

Shosho wako,
Wambui