Njia Katikati ya Kiwanja Chako

Jumanne, 4 Machi. Asubuhi kulikuwa na manyunyu.

Kaka mpendwa,

Mama hajambo, na paa la jikoni halivuji tena.

Leo ofisini nimekabidhi ramani ya bustani ya mji. Njia ya miguu nimeichora pale watu walipokwisha kukanyaga wenyewe, nayo inakata kiwanja chako, ulichokiacha miaka tisa bila uzio.

Bosi, alipojua kiwanja ni chako, alininong'oneza, "Ipindishe kidogo, dada. Nani atajua?"

"Wapitao watajua," nikamjibu.

Jioni nilimwambia Mama kwamba utanuna, akacheka: "Mwambie aje anunie hapa hapa, chai ipo."

Fomu ya kuomba kiwanja kingine cha fidia nimeiambatanisha, weka sahihi. Benchi la kwanza litakaa pale ulipotaka kujenga sebule.

Nakwenda kulala saa nne na robo, na usingizi ninao.

Dada yako